Usimuulize mzima wa afya anataka vipimo gani

Ukifika mapokezi ya hospitali nyingi za Dar es Salaam ukasema huumwi popote, umekuja tu kuangaliwa afya, utaulizwa: "Unataka vipimo gani?" Ukisita, utasomewa vifurushi. Cha bei ya chini kina sukari, mkojo na wingi wa damu; cha kati kinaongezewa figo, ini na mafuta; cha juu kina ultrasaundi ya tumbo na kipimo cha umeme wa moyo. Unachagua, unalipa, unaonyeshwa mlango wa maabara. Daktari utamwona mwishoni, ameshika karatasi ya majibu, na dakika zenu chache zitakwisha akiikodolea macho karatasi badala yako.

Utaratibu huo umesimama kichwa chini, miguu juu. Asiyejua ana nini hawezi kujua apimwe nini. Hiyo ndiyo kazi aliyosomea daktari, au tabibu kule kwenye zahanati ya kijiji. Na si suala la nani atangulie tu. Sehemu yenye faida kubwa katika kuangaliwa afya ni ile isiyotoa risiti ya kutisha: mashine ya presha, maswali, macho na viganja vya daktari. Ile inayouzwa ghali, kwa mtu asiyeumwa, mara nyingi ndiyo yenye faida ndogo, na kuna siku humtwisha mtu ugonjwa ambao hakuwa nao.

Anza na nesi, kwa sababu ziara iliyopangwa vizuri huanza kwake. Atakupima uzito, urefu, joto, mapigo ya moyo, pengine atakubana kidole kwa kile kidude kinachosoma oksijeni. Hayo yanapita haraka. Kwenye presha usikubali yapite haraka. Huu ni usomaji rahisi kuliko wote hospitalini na ndio unaoharibiwa kirahisi kuliko wote. Mtu ameteremka kwenye daladala, amepanda ngazi, ameitwa jina, amekaa, mkono umeshavishwa kitambaa juu ya shati, nesi anamuuliza namba ya simu ya ndugu wa karibu, na mashine inahema. Namba itakayotoka hapo inaweza kuwa ya ngazi, ya shati au ya maongezi. Inavyotakiwa ni upumzike dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mguu haukupandishwa juu ya mwenzake, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, na kimya. Kahawa na sigara viwe vimepita nusu saa au zaidi. Kitambaa kikiwa kidogo kwa mkono mnene, presha itasomeka juu kuliko ilivyo. Mama mwenye mkono wa haja ana haki ya kuomba kikubwa.

Ikisomeka 140 kwa 90 au zaidi, irudiwe. Ikirudiwa ikabaki huko, urudi siku nyingine, au upimiwe nyumbani kwa siku kadhaa. Wapo watu ambao presha hupanda kwa kuliona koti jeupe tu, na wakifika kwao imeshatulia. Isipokuwa imepaa mno, hakuna daktari makini anayemwanzishia mtu dawa za maisha kwa namba moja ya asubuhi moja.

Hapa lazima nigombane kidogo na elimu ya vibarazani. Mtaani presha ni mbili, ya kupanda na ya kushuka, na kila mtu anadai anaijua yake: ikipanda kisogo kinamgonga, ikishuka anaona kizunguzungu, analamba chumvi. Presha ya juu haina tabia hiyo ya kupiga hodi. Hukaa mwilini miaka, mtu anacheza mpira wa maveterani na kula kitimoto au pilau lake kwa raha, huku mishipa ya ubongo, macho na figo ikichakaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wazima bilioni 1.4 wa umri wa miaka 30 hadi 79 wanaishi na presha ya juu, na karibu nusu yao hawajui. Kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwapima watu wa miaka 25 hadi 64 ukakuta takriban mmoja kati ya wanne anayo. Tunaambiwa fulani "alipatwa ghafla" akapooza upande mmoja. Ghafla ilikuwa siku ile tu. Presha yenyewe ilikuwa mpangaji wa siku nyingi. Na hiyo ya kushuka inayotisha watu, kama huna kizunguzungu, hutapiki, huvuji damu wala huzimii, kwa kawaida si ugonjwa.

Uzito utagawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, na namba ikifika 25 utaambiwa umezidi, ikifika 30 utaambiwa unene umekuwa tatizo. Mimi naiamini zaidi tepu ya fundi cherehani. Kiuno cha mwanamume kinachopita sentimita 94, au cha mwanamke kinachopita 80, kinasimulia habari za sukari na moyo kuliko mizani, kwa sababu mafuta ya tumboni ndiyo yenye fujo. Najua kitambi kwetu bado kinasalimiwa kwa heshima.

Kisha unaingia kwa daktari, na kama ni daktari wa kweli ataanza na mdomo kabla ya mikono. Wazazi wako wako hai? Aliyefariki alifariki na nini, na miaka mingapi? Kuna sukari kwenye ukoo, presha, selimundu, saratani? Unakunywa? Unavuta? Unalala vipi, unakoroma? Dawa gani unatumia? Kwenye swali hili watu wengi hutaja za hospitali wakaacha zile za chupa ya maji iliyochemshiwa mizizi, vidonge vya kupunguza mwili vilivyonunuliwa kwenye simu, na zile za kuongeza nguvu za kiume zilizofungwa kwenye gazeti. Zitaje zote. Nyingine hupandisha presha, nyingine huumiza ini au figo, na daktari asiyeambiwa atahangaika kutafuta chanzo kwingine. Ataingia na kwenye hedhi, kwenye mkojo, kwenye tendo la ndoa. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na chumba cha daktari ndicho mahali methali hiyo inapochukuliwa kama ilivyo. Kama umeingia na mumeo au mama yako na kuna jambo huwezi kulisema mbele yake, omba atoke kidogo. Daktari mzuri atamtoa kabla hujaomba.

Sasa mikono. Ukiwa umelala kitandani unaweza kudhani daktari anapapasa tu kutimiza wajibu, kumbe kila anapogusa anauliza kitu. Anavuta kope ya chini kutazama wekundu, kwa kuwa ikiwa nyeupe damu imepungua. Anatazama weupe wa jicho kama umeingia manjano, jambo linalomrudisha kwenye ini. Anashika shingo kutafuta tezi ya rovu na mitoki, anashuka kwapani. Anasikiliza mgongo kwa kile kifaa alichokibuni Mfaransa Laennec mwaka 1816, kwanza kikiwa karatasi iliyoviringishwa kisha bomba la mbao, ukiambiwa vuta pumzi, toa. Kisha kifuani, anakosikiliza kama mlango wa moyo unafunga sawasawa au unavujisha. Anabonyeza chini ya mbavu za kulia kulitafuta ini, chini ya zile za kushoto kulitafuta bandama. Ini na bandama vikiwa na afya kwa kawaida havigusiki waziwazi. Vikimgonga vidole, ana kazi ya kufanya. Anaminya juu ya kifundo cha mguu kwa kidole gumba kisha anaachia. Kishimo kikibaki, maji yamejaa, na anaanza kufikiria moyo, figo, ini. Mwenye kisukari atavuliwa soksi na kutazamwa nyayo na katikati ya vidole, maana kidonda asichokisikia ndicho kinachomkata mguu.

Yote haya hayachukui nusu saa na hayahitaji umeme. Ndiyo maana nashangaa yanavyotoweka. Nimeshazungumza na watu waliolipia kifurushi cha juu kabisa, wakatoka na bahasha nene, na hakuna mkono wa mtu uliogusa tumbo lao.

Kuna sehemu ambazo watu hawazizungumzi, na kwa kuwa hazizungumzwi zinaua. Mwanamke akifika miaka 30 anastahili kuchunguzwa mlango wa kizazi, na anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze mapema zaidi, miaka 25. Katika vituo vyetu vingi njia iliyozoeleka ni ya siki. Atalala, miguu imekunjwa na kupanuliwa, kifaa cha kupanulia uke kitaingizwa, mhudumu atapaka asidi iliyo ile ile ya siki ya kachumbari, iliyozimuliwa, atasubiri kama dakika moja, na palipoanza kuharibika patageuka peupe. Kuna ubaridi, kuna kubanwa, hakuna kisu. Panapohitajika, sehemu hiyo huweza kugandishwa au kuchomwa kwa joto siku hiyo hiyo, miaka mingi kabla haijawa saratani. Hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wodi za hospitali ya saratani ya Ocean Road zimezoea kupokea wanaokuja hatua za mwisho, wakati kilichohitajika miaka kumi nyuma ni siki na taa. Mabinti walianza kuchanjwa dhidi ya kirusi chake nchini mwaka 2018. Mama zao na shangazi zao hawakuipata chanjo hiyo. Wao wamebakiwa na kuchunguzwa.

Wanaume nao wana tezi dume, na vijiwe vyetu vimekigeuza kidole cha daktari kichekesho. Basi nieleze kinavyokuwa. Unalala ubavu, magoti umeyakunja kifuani, daktari amevaa glovu iliyopakwa mafuta, anaingiza kidole kimoja njia ya haja kubwa, anapapasa tezi kama ni laini au ina kigumu, anatoa. Haifiki dakika. Kipimo cha damu cha tezi dume kipo na kina nafasi yake, lakini si mbadala wa kukimbilia ili kuepuka aibu: hupanda kwa maambukizi, kwa tezi iliyovimba kwa uzee tu, hata kwa tendo la ndoa la jana. Mwanamume aliyefika miaka 50, au aliyezidi kidogo 40 na baba yake au kaka yake aliugua, akae na daktari waulizane kama apime na kitafuatia nini majibu yakiwa juu. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya sindano.

Katika uchunguzi wowote wa sehemu za siri una haki ya kuelezwa kabla ya kuguswa, kuwa na nesi chumbani, kuomba daktari wa jinsia yako pale anapopatikana, na kusema basi. Asiyekubali hayo, vaa nguo zako uondoke.

Baada ya hapo ndipo maabara inapata maana. Sukari, ambayo utaifungia usile kwa saa nane au zaidi, maji ruksa. Chai ya rangi uliyokunywa alfajiri ukajihesabia hukula chochote inaharibu majibu. Ikifika 7.0 asubuhi kabla ya kula, na ikarudia siku nyingine, hicho ni kisukari. Mkojo utazamwe protini na sukari. Virusi vya UKIMWI. Homa ya ini aina ya B, ambayo naona inasahauliwa bure: watu wazima wengi walizaliwa kabla chanjo yake haijawekwa kwenye ratiba ya watoto, inaambukiza kwa damu, kwa ngono na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na ikikaa sana huishia kwenye ini kusinyaa au saratani. Ukipimwa mara moja ukakutwa huna, unachanjwa. Mafuta na figo vitategemea umri wako, presha yako na ukoo wako.

Zaidi ya hapo, fanya hesabu kabla ya kufungua pochi. Vipimo vingi vya damu huwekewa mipaka ambayo asilimia 95 ya watu wazima wa afya huangukia ndani yake. Maana yake watano kati ya mia, wazima kabisa, watakuwa nje kwa bahati tu. Mpime mtu mzima vipimo 20 visivyotegemeana: uwezekano wa vyote kuwa ndani ya mipaka ni asilimia 36. Waliobaki, karibu wawili kati ya watatu, watatoka na angalau namba moja yenye alama nyekundu. Ndipo unaporudi nyumbani ukiwa na wasiwasi, unaambiwa urudie, unapelekwa ultrasaundi, nayo inaona kivimbe kidogo kisicho na madhara, na safari inaanza. Hospitali haikudanganya mtu. Hesabu tu ilitangulia.

Na pale kipimo chenyewe kinapokuwa dhaifu, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Nani hajawahi kusikia "nimepima, nimekutwa na UTI na taifodi"? Kipimo kinachotumika sana kwa taifodi kilielezwa na Mfaransa Widal mwaka 1896, na kinatafuta askari wa mwili, si mdudu mwenyewe. Askari hao hubaki baada ya ugonjwa kuisha, na huweza kuitwa na wadudu wengine. Mpime kwa kipimo hicho mtu aliyechoka tu kwa kazi, kuna nafasi nzuri atoke na mfuko wa antibayotiki. Tumefanya hivyo kwa miaka mingi na sasa dawa hizo zinazidi kukosa nguvu pale zinapohitajika kweli.

Lakini maabara, pamoja na dhambi zake, inapima kitu. Siwezi kusema hivyo kuhusu ile mashine inayozungushwa makanisani, sokoni na kwenye semina za wauza virutubisho, unayoshikishwa fimbo ya chuma kiganjani, kompyuta inaruka rangi dakika moja, kisha printa inakutolea kurasa za hali ya nyongo, uti wa mgongo, madini ya mwili na hata nguvu za kiume. Hakutolewa damu, hakukojoa mtu. Kurasa hizo huishia kwenye bidhaa zilizopangwa mezani pembeni, na dozi yake huwa miezi mitatu. Mamlaka zinazofunga maduka ya dawa yasiyo na kibali zingeipitia na meza hii.

Msomaji mjuzi atanikumbusha jambo, na ana haki. Mwaka 2019 watafiti wa mtandao wa Cochrane walirudia kuchambua majaribio yaliyowashirikisha zaidi ya watu 250,000, wengine wakiitwa kuangaliwa afya kwa ujumla na wengine wakiachwa. Walioitwa hawakuishi zaidi ya walioachwa. Sasa kwa nini nikutoe nyumbani?

Majaribio hayo yalifanyika Ulaya na Marekani, mengi miongo kadhaa iliyopita, kwa watu ambao kwa sehemu kubwa tayari walikuwa na daktari wa kumwendea kwa mafua tu, naye akapitia presha yao hapo hapo. Kumwita mtu wa namna hiyo kwa uchunguzi maalumu ni kumwongezea kidogo juu ya vingi. Dereva wa bodaboda wa Mbagala au mama lishe wa Tandika aliyefika miaka 45 hajawahi kuvishwa kitambaa cha presha hata mara moja si mtu wa majaribio yale. Ninachokichukua mimi kwenye matokeo hayo ni onyo dhidi ya vifurushi: kuangalia kila kitu kwa kila mtu hakuokoi. Kinachookoa ni vitu vichache vilivyothibitishwa, kwa umri wake, na matibabu yanayofuata bila kukatika. Kumpima mama mlango wa kizazi Jumamosi ya maonyesho kisha kumwambia mashine ya kutibia iko mkoani ni kumkosea.

Kupima kwa wingi tunakujua. Tarehe 14 Julai 2007, viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima virusi vya UKIMWI hadharani kuzindua kampeni ya taifa, na watu wakajipanga foleni. Walipima kitu kimoja, kwa sababu moja, na kulikuwa na mshauri wa kukaa nawe kabla na baada. Presha haijawahi kupata rais wa kuikunjia shati. Jirani zetu Kenya, Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wenye mikoba ndani yake mashine ya presha na ya sukari, wapite nyumba kwa nyumba. Malipo yao na vifaa vyao vina malalamiko yake, ila wazo la mashine kumfuata mtu mlangoni nalikubali kuliko la mtu kufuata kifurushi.

Kwetu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita tangu 2023 na mjadala wake mkubwa umekuwa nani atachangia kiasi gani. Ningependa wanaopanga mafao waongeze mistari miwili. Kwanza, kila mtu mzima anayefika kituo chochote, awe amekuja na jino au amemleta mtoto kliniki, apimwe presha ipasavyo na iandikwe. Pili, bima imlipe daktari kwa nusu saa ya kumhoji na kumshika mtu asiyeumwa, ilipe vizuri, kiasi kwamba hospitali isione hasara kumkalisha mtu bila kumpeleka maabara. Leo damu ya chupa tatu inaingiza fedha kuliko swali zuri, na hospitali, kama biashara nyingine yoyote, inauza kinacholipwa.

Wakati hayo yakisubiriwa, ukiulizwa pale dirishani unataka vipimo gani, sema unataka kumwona daktari kwanza. Watashangaa kidogo, kisha watakufungulia faili. Ukitoka, usiridhike na "uko fiti". Omba namba zako ziandikwe: presha, kiuno, sukari, na tarehe. Ziweke kwenye daftari lako mwenyewe, kwa sababu faili la kituo hiki halitahamia kituo kile, na daktari wa mwaka ujao atataka kujua 134 atakayoisoma siku hiyo ilikuwa ngapi mwaka huu.